Kimo cha Kasimiri

Kofi la kwanza lilimkuta Fransisko spana ingali mkononi. La pili lilimkalisha kwenye vumbi la kijiwe cha bodaboda cha Mkuyuni, na teke lililofuata likampata ubavuni wakati akijaribu kuinuka. Aliyekuwa akimpiga ni Yeremia, mtoto wa mjomba wake, na kosa lenyewe lilikuwa nati mbili tu zilizolegezwa kwenye kioo cha upepo cha pikipiki.

"Kirudishe kilipokuwa," Yeremia alimwambia huku akihema. "Siku utakayokishusha kioo cha baba, Fransi, nitakuua. Hawa wote mashahidi."

Wote walisikia na hakuna aliyecheka, ingawa wale wawili ni watani tangu kuzaliwa, na kwa Waluguru mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi wana ruhusa ya kutukanana hata kwenye msiba. Huu haukuwa utani. Fransisko alizikaza zile nati mbele za watu, damu ikimchuruzika puani, kioo kikabaki palepale juu.

Kisa cha kioo kilianza na Kasimiri mwenyewe, baba yake Yeremia, kaka yake mama Fransisko. Kasimiri alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, hata wa kanisa. Alipoona ukungu wa Kinole unamtia kikohozi kila asubuhi, alishuka mjini akanunua kioo cha plastiki ngumu, akakifunga mbele ya usukani na kukipandisha mpaka ukingo wake wa juu ukalingana na pua yake akiwa amekaa. Kwa hiyo aliitazama barabara juu ya kioo, na upepo na mvua vikampita juu ya kofia. Alikuwa akisema amejijengea nyumba isiyo na paa, na aliisifia nyumba hiyo mpaka wenzake wakachoka kumsikiliza.

Jioni moja alipakia abiria wawili waliotaka kwenda njia ya Mzinga. Walimpiga nondo kisogoni, wakaendelea kumpiga alipokwisha kuanguka, kisha pikipiki ikawagomea kuwaka wakaitelekeza porini. Yeremia ndiye aliyeitwa kumtambua. Alimtambua kwa viatu, maana uso haukuwa tena uso. Wauaji hawakupatikana, na hasira ya yule kijana ikakosa pa kwenda. Hasira isiyo na pa kwenda hurudi nyumbani kuwang'ata wenyewe.

Kisha ukoo ukakaa. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi ya zamani mali ya mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada, naye mtoto wa kuzaa akatazame kwa wajomba zake. Siku hizi wengi wanafanya vingine, lakini mzee Alois, mkubwa wa ukoo, ni mtu wa kale na ni mbishi kuliko mbuzi anayepelekwa mnadani. Aliamua kwamba pikipiki ni ya Fransisko, pamoja na jina la Kasimiri ambalo angelirithi siku ya kumaliza tanga, baada ya mavuno ya mpunga. Na mpaka siku hiyo, alisema, kitu cha marehemu kisipunguzwe wala kisiongezwe, kwa sababu mwenyewe bado anakuja kukitazama. Yeremia alikuwa ameiosha damu ya baba yake kwenye tangi la ile pikipiki kwa mikono yake. Alitoka kikaoni bila kumuaga mtu.

Sasa huyu Fransisko ni mfupi. Mama yake, Esther, husema ufupi huo aliutoa kwa baba yake, kwao haupo. Alipokaa kwenye kiti cha mjomba, ukingo wa kioo ulimpita juu ya nyusi, na ikambidi aitazame dunia kupitia plastiki iliyochakaa kwa vumbi na mikwaruzo. Kwenye jua aliweza kuvumilia. Lakini kioo cha pikipiki hakina waipa, na kule Uluguru mvua haiombi hodi. Matone yakitapakaa juu yake, mbuzi na jiwe na mtoto wa shule vyote huwa kitu kimoja cha kijivu, mpaka uvikaribie.

Mtu mwenye akili timamu angekishusha. Fransisko, kwa kumheshimu marehemu, aliamua kujipandisha yeye. Alikunja magunia, akayafunga juu ya kiti kwa mpira wa tairi, akakaa juu yake kama chifu. Kweli, sasa aliona juu ya kioo, ila miguu yake haikufika chini ila kwa ncha za vidole, na dereva wa bodaboda asiyefika chini ni sawa na mpishi asiyefika jikoni. Kila aliposimama ilimbidi atafute jiwe au tuta la kukanyagia. Pale kijiweni wakamwita Mheshimiwa, akawaacha wacheke. Sisi watu wa milimani tuna ugonjwa huu: maiti tunamhofia kuliko tunavyomhurumia anayepumua.

Ndiyo maana siku ile alishika spana. Alikuwa amechoka kuogopa. Makofi ya Yeremia yakamrudisha kwenye magunia yake, na tangu hapo akawa mtu mwenye vifo viwili. Akikishusha kioo, Yeremia atamuua, na alimjua Yeremia, wamekula sahani moja tangu wakiwa watoto na hajawahi kumwona akisema neno akaliacha njiani. Asipokishusha, mlima utamuua. Alichoweza kuchagua ni kipi kitangulie.

Mlima ulitaka kutangulia. Alikuwa akishuka kutoka Kinole amempakia mwalimu mmoja wa sekondari, Brenda, mgeni wa kutoka Mbeya, na manyunyu yalikuwa yameanza. Kwenye kona walikuta lori la ndizi limeziba njia. Fransisko akafunga breki vizuri tu, akateremsha mguu wa upande wa bonde kutafuta ardhi, na ardhi haikuwepo. Pikipiki ililala taratibu kabisa, hiyo ndiyo aibu yake, ikawamwaga wote wawili kwenye mtaro wa mawe. Ekzosi ilimuunguza mwalimu shavu la mguu mpaka ngozi ikabaki kwenye bomba, na meno yake ya mbele yakagonga kofia ya Fransisko, moja likavunjika.

Mwalimu Brenda aliinuka, akatema damu na kipande cha jino, akaokota mwavuli wake na kuanza kumpiga nao. Alimpiga mabegani, mgongoni na kwenye mikono aliyoinua kujikinga. Katikati ya kipigo akauliza yale magunia ni ya nini. Fransisko akamweleza yote, mjomba, tanga, kimo cha kioo. Mwalimu alisimamisha mwavuli hewani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kumpiga kwa nguvu zaidi mpaka vyuma vya mwavuli vikatokeza.

"Ukitaka kufa kwa ajili ya mjomba wako, kufa peke yako," alimwambia. "Usinipakie."

Maneno hayo yalimwingia kuliko mwavuli. Usiku hakupata usingizi, na asubuhi mama yake alipomkanda kwa maji ya chumvi alikuwa bado anayatafuna. Esther hakuwa mtu wa maneno mengi tangu msiba. Alimkanda, mkono wake ukiwa mzito kwa makusudi, mpaka alipofika begani.

"Kaka yangu ameshakufa," alisema. "Sitakuzika na wewe kwa sababu ya kimo chake."

Fransisko akamkumbusha kiapo cha Yeremia. Mama akasema Yeremia ana miguu miwili, anaweza kukimbiwa, tena ni mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe wakati mama yake alipougua, lakini mlima hauna pa kuukimbilia. Kisha akafungua yale magunia kwenye kiti, akaenda kuyaanika uani kama nguo za kawaida.

Fransisko alishuka Morogoro mjini. Pale kijijini asingeweza, kwanza kwa macho ya watu, pili kwa sababu matundu ya kile chuma cha kushikilia kioo yalikuwa yameishia juu, na kushusha zaidi kulihitaji kutoboa mengine. Fundi wake alikuwa Halidi, mtu wa porojo mwenye banda kwenye njia ya Kilakala. Halidi alimwambia akae kwenye pikipiki. Fransisko akakaa, kifua mbele.

Halidi akacheka. Alimwambia akae anavyokaa siku zote, mgongo ulegee, si kama anapigwa picha ya kitambulisho, kwa sababu wengi hupimiwa kioo wakiwa wamejinyoosha na wakifika barabarani wanapinda, kioo kinawaziba macho. Akamwekea kidole kwenye ncha ya pua, akavuta mstari wa hewani mpaka kwenye plastiki, akatia alama kwa chaki. Kikiwa juu ya hapo unatazama ndani ya kioo, na mvua itakufanya kipofu. Kikiwa chini mno upepo unakupiga usoni na mbung'o wanakuingia mdomoni.

"Kioo cha pikipiki si cha kutazamia," alisema. "Ni cha kujifichia. Macho yako yabaki nje."

Wakati anatoboa matundu, Halidi alilalamika kwamba siku hiyo kazi hakuna, vijana wote wa bodaboda wamekwenda upande wa Matombo kumzika mwenzao aliyeuawa na wezi kwa nondo, wa pili tangu mwaka uanze. Wameondoka msafara mzima, honi zikilia, na bangi vichwani. Fransisko aliitikia tu. Habari za nondo hakupenda kuzisikia.

Alipotoka pale akaipita Bigwa, akaongeza mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu arithi ile pikipiki, miguu yake ilifika chini na macho yake yalifika mbali. Upepo uliruka juu ya kofia yake bila kelele. Kifua kilikuwa kikavu. Aliona barabara yote mbele, na mlima wote juu yake, na mwanamke aliyebeba kabichi upande wa kushoto alimwona mapema kabisa, akampigia honi kwa adabu. Fransisko alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akajiona mpumbavu kwa miezi yote aliyokaa juu ya magunia.

Hakujua kwamba mmoja wa pale kijijini alikuwa amemwona kwa Halidi na kupiga simu. Watu wengine hawana pikipiki wala shamba, wana simu tu.

Yeremia alimsubiri kwenye kona baada ya Kiroka, mahali ambapo mianzi imeinamia njia. Alikuwa na panga la shambani. Fransisko alimwona toka mbali, na Yeremia naye akamwona, uso mzima, kuanzia paji mpaka pua, juu ya kile kioo ambacho bila magunia kilikuwa kinamfunika. Hapo ndipo Fransisko alipaswa kugeuza au kukanyaga gia na kumpita. Alipunguza mwendo akasimama. Alitaka kuongea naye, ndivyo alivyojiambia.

"Umemfupisha baba," Yeremia alisema. "Hata kile alichobakisha umekikata."

"Baba yako walimkata wezi," Fransisko akajibu. "Mimi nimetoboa matundu."

Si neno la kumwambia aliyefiwa mwenye panga. Pigo la kwanza lilikipasua kioo katikati, na kipande kikaruka kikamchana Fransisko shavu. La pili na la tatu yalikuwa ya kioo pia. Yeremia alikuwa akikikata kama mtu anayefyeka, akimwita baba yake kwa jina. La nne Fransisko aliliinulia mkono. Alisikia panga likigonga mfupa kabla ya kusikia maumivu, akaona nyama yake nyeupe, kisha nyekundu. Pikipiki ikamlalia mguu.

Alijivuta akatoka chini yake, akavua kofia kwa mkono mzima na kumpiga nayo Yeremia usoni. Pua ilivunjika kwa mlio. Akampiga tena, tena, safari hii si kwa kujikinga. Alimpiga kwa ajili ya makofi ya kijiweni, kwa ajili ya magunia, kwa ajili ya jino la mwalimu, na kila alipompiga akataka kumpiga zaidi. Panga likaanguka kwenye majani. Yeremia, ambaye alikuwa mrefu na mzito kama baba yake, alimkumba, wakabingirika mpaka kwenye mtaro, na alipotulia juu alikuwa amemshika koo kwa mikono yote miwili.

Fransisko aliona mianzi inakuwa myeusi. Aliona damu ya pua ya Yeremia ikimdondokea mdomoni, akaionja, na akaelewa kwamba hii ndiyo siku yenyewe, tena saa tisa ya mchana, barabara kavu, kioo kikiwa kimeshashushwa.

Kisha zikasikika honi.

Ule msafara wa mazishi ulikuwa unarudi. Vijana wa bodaboda wa mjini, wengi kuliko wa kuhesabika kwa mara moja, matawi ya miti yamefungwa kwenye pikipiki, vitambaa vyeusi kwenye mikono, udongo wa kaburi haujakauka kwenye viatu. Waliona pikipiki imelala, kioo kimevunjwavunjwa, panga lenye damu, dereva mwenye reflekta yuko chini na jitu limemkalia kooni. Hawakuhitaji kuelezwa. Walichokuwa wamekiomba njia nzima kutoka makaburini, Mungu amewaletea.

Walimng'oa Yeremia kama mhogo. Mmoja akamvunja mguu kwa jiwe kabla hajasimama sawasawa. Wengine wakatoa nondo, maana siku hizi nao wanatembea nazo. Kijana mkubwa mwenye jaketi jekundu, ambaye wenzake walimwita Allen, aliwazuia kwanza. Alikuwa mtu wa haki, kwa namna yake. Alichuchumaa mbele ya Fransisko, akamfunga kitambaa chake cheusi juu ya jeraha la mkono, akamsafisha macho kwa kiganja.

"Kaka, pole," alisema. "Hebu tuambie tu. Mwizi wako ni huyu?"

Fransisko alimtazama Yeremia. Wawili walikuwa wamemshika mikono, amepiga goti moja, mguu mwingine umepinda pasipo na kiungo. Yeremia naye alikuwa akimtazama. Hakuomba. Kwa kule kumtazama kwake tu Fransisko alijua kwamba amekwishaelewa kila kitu: nani amesimama pale, wanataka nini, na neno liko mdomoni mwa nani.

Koo lilimuuma Fransisko, hilo ni kweli. Lakini sauti alikuwa nayo. Alikuwa na sauti na alikuwa na pumzi, na ndani ya pumzi ile alifikiri kwamba akinyamaza tu, bila kusema uongo wowote, pikipiki itabaki yake, mlima utabaki wake, na hakuna tena mtu duniani atakayemkalia kooni. Akanyamaza.

Allen alitikisa kichwa kama aliyejibiwa, akasimama.

Nondo ya kwanza ilitua kwenye mkono wa kulia wa Yeremia, ule wa kushikia panga. Ya pili ikatua kwenye kifundo cha mkono huohuo. Ya tatu mgongoni, na hapo Yeremia akalia, si jina la Mungu wala la mama yake, alilia "Fransi", kama alivyokuwa akimwita walipokuwa wadogo mmoja akiachwa nyuma kwenye kijia. Mtu alikuwa amekwishachomoa mpira kwenye tangi la ile pikipiki iliyolala, petroli inachuruzika kwenye chupa ya maji.

Ile sauti ndiyo iliyomwinua. Fransisko alipita katikati ya miguu ya watu kwa magoti, mkono mmoja ukiburuza, akajitupa juu ya Yeremia. Nondo iliyokuwa njiani haikuweza kurudi, ikampata begani. Nyingine ikampata kwenye mbavu. Alikuwa akipiga kelele kwamba huyu ni ndugu yake, ni ndugu yake, na wao wakimwambia atoke, kwamba amechanganyikiwa kwa kupigwa, ndugu gani anamkata nduguye panga. Walimvuta miguu, akamng'ang'ania Yeremia shingoni. Petroli ikawamwagikia wote wawili, ikaingia kwenye jeraha la mkono wake na kumchoma kabla hata ya moto. Alisikia kiberiti kinatikiswa.

"Ni mtoto wa Kasimiri," alilia. "Kasimiri wa Mkuyuni. Mlimsindikiza wenyewe. Ni mtoto wake huyu."

Jina hilo walilijua. Bodaboda husahau mengi, lakini hasahau msafara wa mwenzake. Mmoja, ambaye sura yake Fransisko hakuiona kabisa, alisema subirini, akaugeuza uso wa Yeremia kwa mikono miwili, akaufuta damu kwa shati lake, akautazama. Akasema ni kweli, huyu ndiye aliyetangulia na msalaba siku ile. Kisha aliyekuwa na kiberiti akakirudisha mfukoni, polepole, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Allen alikwenda kukaa kando ya barabara, kichwa katikati ya magoti. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyejua amwombe nani. Waliofanya walilojua kufanya ni wale wengine: waliwapakia mshikaki, kila majeruhi katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia nyuma, wakapiga honi na kuwakimbiza mjini hospitali kwa mwendo uleule wa kumsindikiza maiti. Wote walikuwa wananuka petroli.

Madaktari waliokoa mkono wa Fransisko, ila vidole viwili havikunji. Wa Yeremia ulisagika kifundoni. Mguu utaunga, walisema, mkono hautashika tena jembe wala usukani. Esther aliuguza vitanda vyote viwili, akitoka huku na kwenda kule na bakuli moja la uji, na mzee Alois alipokuja na wazee wenzake kusema jambo hili lina mkono wa marehemu, aliwaamkia shikamoo vizuri, kisha akawaambia watoke nje.

Fransisko alipoweza kutembea, alikwenda kukaa kwenye kiti pembeni mwa kitanda cha Yeremia. Alimwambia kwamba pikipiki imeletwa, iko uani, na kwamba ameamua ni yake, Yeremia, akitaka aiuze, akitaka aiweke, ukoo useme unachotaka. Yeremia akatazama dari.

"Yule aliyevaa nyekundu alikuuliza," alisema. "Mbona ulichelewa?"

Uongo ulikuwepo, tena mzuri, na wauguzi wote wangeuthibitisha. Alama za vidole zilikuwa bado shingoni mwake.

"Nilitaka ufe," Fransisko akasema.

Machozi yalimteremka Yeremia kuelekea masikioni, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na plasta na mwingine una sindano ya maji, hakuweza kuyafuta. Fransisko naye hakuthubutu kumfutia. Nje ya wodi mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Mgongo unaniwaka," Yeremia akasema. "Nigeuze."

Fransisko alisimama, akapitisha mkono wake mmoja mzima chini ya mgongo wa mtoto wa mjomba wake, pale nondo ilipotua, akamgeuza taratibu, na Yeremia alilia kwa maumivu bila kumwambia aache.